Kifua Kilichonitaja

SEHEMU YA TANO

Wiki iliyopita mliniacha nimepiga magoti katikati ya mahindi, barabara ya Magamba, mvua inanyesha, mkono wangu wa kulia unaning'inia kama wa mtu mwingine.

Kwa aliyekosa gazeti, nasimulia haraka. Naitwa Amedeus. Nilikuwa bondia, na Mpanda nzima waliniita Nyundo. Mdogo wangu Tereza, tuliyezaliwa naye Usevya tumbo moja, alirudi nyumbani siku moja jino la mbele halipo na mdomo umevimba. Akakataa katakata kusema nani kampiga. Kocha wangu Gelasius akanivuta pembeni akanitajia jina: Mwalimu Simon wa shule ya msingi, yule aliyekuwa akionekana naye.

Sikuuliza mara mbili.

Jumapili ile, mimi na Gelasius tulivaa viroba usoni, tukavitoboa matundu ya macho, tukamvizia mwalimu akirudi kutoka misa ya pili. Nilimwangusha mimi. Nilimkalia mimi. Nilimbana koo kwa mkono wa kulia, nimeunyoosha na kuukaza. Ndipo akaukamata kwa mikono yake miwili, akauzungusha kwa nje, akajirusha nao kwa uzito wake wote.

Kifuani kwangu kitu kikachanika. Sauti yake niliisikia wazi, kama mtu anachana shuka jipya.

Nikaanguka ubavu. Gelasius akaingia na kipande cha nondo. Akapiga taya. Akapiga tena.

"Maliza!" akanifokea.

Sikuweza. Akamaliza mwenyewe, nami nikatazama. Tulimwacha kwenye tope tukidhani amekufa.

Hakufa.

* * *

Kambini, tunapofanyia mazoezi ya ngumi, Gelasius alinikalisha kwenye benchi letu la mbao, penye bomba la chuma na makopo ya rangi yaliyojazwa zege kila upande.

"Sikiliza, dogo. Ulikuwa unainua. Uzito ukakuzidi, bomba likakushukia kifuani. Basi. Hata mama yako akikuuliza, ni bomba."

"Kimechanika, kocha. Nimesikia."

"Msuli umestuka tu. Nitakuchua. Wiki moja upo fiti. Wiki tano zijazo tupo Sumbawanga, ubingwa wa kanda. Unataka kuutupa kwa ajili ya msuli?"

Alinichua kwa maji ya moto na dawa ya kuchua inayowasha. Aliweka goti lake mgongoni kwangu, akazamisha dole gumba kwapani, akasukuma. Nilipiga ukelele mpaka waliokuwa wanaruka kamba wakasimama. Akanijaza taulo mdomoni.

"Ng'ata."

Niling'ata. Kesho yake akarudia. Keshokutwa akarudia tena.

Siku ya nne damu ikawa imeshuka chini ya ngozi. Kwapa lilikuwa jeusi, na mkono wa juu wote umepata rangi ya zambarau iliyoiva, mpaka kwenye kiwiko. Nilivaa shati la mikono mirefu kwenye joto lile nikasema nina homa.

Siku ya kumi Gelasius akaona watu wameanza kunong'ona. Akaniingiza ulingoni na Zablon, mwenzangu wa kambi, mtu wa uzito wangu.

"Waonyeshe," akasema.

Nilianza na kushoto. Ikafika vizuri, Zablon akatikisa kichwa. Nikatuma ile ya kulia, ile nyundo yenyewe, ile iliyokuwa ikilaza watu. Ilimgusa shavuni na kusimama hapo. Zablon alinishangaa. Nadhani alidhani namtania.

Kisha akajibu.

Ya kwanza iliingia mbavuni. Nikataka kuvuta mkono wa kulia uje mbele kujikinga, haukuja. Niliuamuru. Haukuja. Ya pili ilinipasua juu ya jicho. Ya tatu sikuiona.

Nilipozinduka nilikuwa nimelala kwenye turubai, damu inaingia sikioni, Zablon amenipigia magoti.

"Nyundo, kaka, una nini? Mbona hujikingi?"

"Homa," nikasema.

* * *

Aliyenigundua ni Tereza. Aliingia uani asubuhi ya Alhamisi nikioga, shati nimelitundika kwenye kamba. Akaangusha ndoo.

"Kaka! Kifua chako kimehama!"

"Toka hapa."

"Sitoki. Vaa. Tunaenda hospitali."

"Gelasius kasema..."

"Gelasius ni daktari?" Alisema jina lile akatema mate pembeni. Nililiona hilo. Sikulielewa.

Daktari aliyetupokea aliitwa Bernadetha, mama mfupi, miwani yake imefungwa kamba shingoni. Tereza alinisaidia kuvua shati, kisha akatoka akakaa kwenye benchi la nje. Daktari hakunigusa kwanza. Alinizunguka tu akitazama, kama fundi anayekagua ukuta uliopinda.

"Inua mikono pembeni. Haya, shika kwapa lako la kushoto, hapo mbele. Unasikia nyama nene, kama ukuta?"

"Ndiyo, dokta."

"Shika na la kulia."

Nilishika. Hapakuwa na ukuta. Vidole vyangu vilizama kwenye ngozi laini, nikaviondoa haraka.

"Sasa kutanisha viganja mbele ya kifua kama unasali. Sukuma. Sukuma kwa nguvu."

Nilisukuma. Kifua cha kushoto kikasimama kama kawaida yake. Cha kulia kikakimbilia katikati, kikajikusanya kuwa donge la ukubwa wa ngumi chini ya ngozi, kikaacha shimo karibu na bega. Maumivu yalinipanda mpaka kwenye meno.

"Nani alikuwa anakuchua?"

"Umejuaje?"

"Nina macho. Mwambie akome."

Alinipeleka eksirei. Picha ilipotoka akaiinua kwenye mwanga.

"Mfupa mzima."

Moyo ukanirukaruka. "Basi sijavunjika!"

"Eksirei inaona mifupa, Amedeus. Ugonjwa wako hauko kwenye mfupa."

Akanilaza chumba cha atrasaundi, akanipaka dawa ya baridi kifuani, akatembeza kile kidude. Alianza upande mzima. "Unaona huu mstari mweupe? Hii ndiyo kano, kamba inayofunga msuli wa kifua kwenye mfupa wa mkono. Haya, sasa twende upande wa kulia. Nionyeshe iko wapi."

Nilitazama kioo cha mashine. Palipotakiwa kuwa na mstari palikuwa na weusi mtupu.

"Weusi huo ni damu," akasema. "Kamba yako imeng'oka kwenye mfupa. Hii hapa, imejikunja huku juu."

"Dawa yake nini?" nikauliza tuliporudi chumbani kwake.

"Ungekuwa mzee wa kukaa nyumbani, ningekufunga mkono, ukapoa hivyohivyo, ukaishi. Lakini wewe unaishi kwa kupiga watu."

Nilishtuka. Aliona nimeshtuka.

"Ngumi, namaanisha," akasema polepole. "Kwa mtu kama wewe inapasuliwa, kamba inavutwa, inashonwa palepale ilipong'oka. Na haingoji. Wiki tatu za kwanza ndizo nzuri. Zikizidi, msuli unasinyaa na kugandana na nyama nyingine, kuurudisha inakuwa shida na nguvu hazirudi zote. Umeumia lini?"

"Jumapili ya wiki iliyopita."

"Leo siku ya kumi na moja. Hapa hatuna mtu wa kuifanya. Bingwa yuko Mwanza, anapasua Jumatatu hii, baada ya hapo anasafiri mwezi mzima. Ukipasuliwa, mkono utakaa kwenye kitambaa shingoni wiki sita. Kisha mazoezi kidogo kidogo. Miezi sita hugusi ulingo. Ukinitii utapigana tena."

Nilitamani kumpigia magoti.

"Niandikie niende, dokta."

Akachukua karatasi ya rufaa. Akashusha miwani.

"Uliumiaje?"

"Benchi. Vyuma vilinizidi."

Hakuandika. Alinishika kifundo cha mkono wa kulia akakigeuza kwenye mwanga. Kulikuwa na mikwaruzo minne iliyoanza kukauka, mirefu, imepangana.

"Msuli huu unakatika kwa vyuma, ni kweli. Chuma kinashuka, mtu anakaza, kamba inaachia. Nimewaona." Akaniachia mkono. "Lakini chuma hakina kucha."

Nilikificha kifundo nyuma ya mgongo.

"Afande Elia alipita hapa wiki iliyopita," akaendelea. "Kaacha maagizo kwa matabibu wote. Akija mtu mwenye kifua kilichochanika, tumpigie. Yupo mgonjwa hapa ndani, taya limevunjika. Hawezi kusema, anaandika. Kamwandikia afande kwamba alimvuta mkono mmoja wa waliompiga, akasikia kifua cha mtu huyo kinaachia."

Akaiweka kalamu mezani.

"Mimi ni daktari, siulizi dhambi za mtu. Ila barua hii ina mstari wa kueleza umeumiaje, na uongo siandiki. Nenda ukafikiri. Nipo mpaka saa kumi."

* * *

Nilipofungua mlango, Tereza alikuwa amesimama palepale. Mlango wenyewe ulikuwa wa mbao nyepesi. Alikuwa amesikia kila neno.

Alinitazama kifuani. Kisha kifundo cha mkono. Kisha machoni.

"Ni wewe," akasema.

"Tereza..."

"Ni wewe uliyempiga Simon!"

"Alikutoa jino! Ulitaka nikae nimtazame?"

"Nani kakuambia ni Simon?"

"Gelasius."

Alicheka. Sijawahi kusikia kicheko kibaya kama kile. Alifunika mdomo kwa mkono kama alivyozoea tangu jino lile litoke, na machozi yakamshuka juu ya vidole.

"Gelasius ndiye aliyenipiga, kaka."

Nikajishikiza ukutani.

"Nilikuletea chakula kambini, wewe ulikuwa umeenda kukimbia. Akafunga mlango. Akanishika. Nikamng'ata mkono. Akanipiga ngumi moja tu." Alivuta pumzi. "Simon ndiye aliyenipeleka kuosha kidonda. Simon ndiye aliyemfuata Gelasius akamwambia Jumatatu anakwenda polisi. Jumatatu, kaka. Nyie mkampiga Jumapili."

"Kwa nini hukuniambia mimi?"

"Ungemwua. Ukafungwa. Mama angebaki na nani?"

Nilikuwa nimetumika kama nondo. Mtu alinishika, akapiga nami mtu mwingine, akanitupa.

Sikurudi kwa daktari. Tereza alinikamata shati, likachanika mkononi mwake, nikatoka.

* * *

Ilikuwa saa nane mchana. Kambi ilikuwa imejaa. Gelasius alikuwa ulingoni, amevaa padi za kupokelea ngumi, anampigisha Zablon. Niliingia kati ya kamba bila kuvua viatu.

"Zablon, toka."

"Vipi, Nyundo, umepona?"

"Toka!"

Alitoka. Gelasius akanitazama, akaelewa, akavua padi taratibu, moja baada ya nyingine, akazitupa nje.

"Nani kakutuma?"

"Nionyeshe mkono ulipong'atwa."

Hakuona haya hata kidogo. Akakunja shati, akanionyesha. Alama za meno zilikuwa hapo, na katikati yake pengo dogo, kwa sababu lile jino lilikuwa limeshalegea toka utotoni.

"Mdogo wako anajisikia sana," akasema.

Nikamrukia.

Ngumi ya kushoto ilimkuta puani. Nilisikia mfupa ukivunjika, nikaona damu ikiruka mpaka kwenye nguzo, nikafurahi. Nasema ukweli wangu, nilifurahi. Nikampiga nyingine kwenye sikio. Akayumba. Nikampiga ya tatu kwenye koo, akapiga goti moja, akakohoa.

Ningekuwa na mikono miwili, pale pale ningemaliza.

Lakini alikuwa amenifundisha miaka saba. Na siku kumi zote hizo alikuwa amezamisha dole gumba kwenye kidonda changu. Hakuna aliyekijua kama yeye.

Alijiinua kutoka chini kwa kichwa, akanigonga kidevu. Nilipofumba macho akaudaka mkono wa kulia. Akaupeleka nyuma. Akaupeleka juu.

"Najua ulipokatika, dogo," akaninong'oneza sikioni, pua yake inanidondoshea damu shingoni. "Si nimeuchua mimi?"

Akavuta.

Nililia kama mbuzi anayechinjwa. Sioni aibu kusema. Alinigeuza akanipiga goti tumboni. Akanipiga kiwiko juu ya jicho lilelile alilolipasua Zablon. Nilipoanguka akanikanyaga kifua, upande wa kulia, kwa kisigino, mara mbili, tatu. Wenzangu walianza kupiga kelele, "Kocha basi! Kocha utaua!" lakini hakuna aliyepanda.

Nilimdaka mguu kwa mkono wa kushoto, nikaung'ata nyuma ya goti mpaka nikasikia ladha ya damu. Akapiga yowe, akajinasua, akarudi nyuma mpaka kwenye kamba.

Hapo akafanya jambo ambalo sikulitegemea. Akageukia watu.

"Mnamhurumia?" akapaza sauti. "Mnajua huyu kafanya nini? Huyu ndiye aliyempiga Mwalimu Simon! Muulizeni kifua kimechanwa na nani! Vyuma? Muulizeni!"

Watu wakasogea karibu na ulingo.

Zablon alinitazama. Mtoto wake wa kwanza alifundishwa kusoma na Mwalimu Simon.

"Nyundo," akasema. "Kataa."

Mdomo wangu ulijaa damu. Nilitema. Sikukataa.

Wakanipandia wote. Sikumbuki nani alinipiga teke na nani alinipiga kiatu. Nakumbuka sauti ya Zablon ikisema, "Msimwue, msimwue, aitwe polisi," na huku yeye mwenyewe ananifunga miguu kwa kamba ya kurukia. Kwa chini, katikati ya miguu ya watu, nilimwona Gelasius akichechemea kwenda kwenye pikipiki yake. Hakuna aliyemzuia. Akaiwasha, akashika njia ya kuelekea Mwese.

* * *

Afande Elia alikuja na bajaji, akanipakia nyuma nikiwa nimefungwa pingu mkono mmoja, kwa sababu ule mwingine ulipoguswa tu nilizimia.

"Fomu ya polisi ya matibabu, PF3, nakuandikia mwenyewe," akasema. "Hata wewe una haki ya kutibiwa. Lakini kwanza utapita wodini."

Dokta Bernadetha alitukuta kwenye korido. Aliniona nilivyo, akafumba macho kidogo.

"Nilikwambia ukafikiri," akasema.

"Nimefikiri, dokta."

"Afande, huyu akicheleweshwa mkono umekwenda."

"Dakika tano tu, daktari. Mwalimu amtambue tu."

Wodi ya wanaume ilikuwa na vitanda nane. Kitanda cha mwisho, dirishani, alilala Mwalimu Simon. Tereza alikuwa ameshafika. Alikaa pembeni ya kitanda, amemshikia daftari.

Sikuwa nimemwona tangu mahindini. Uso ulikuwa umevimba upande mmoja mpaka jicho limezama. Meno yake yalifungwa waya, ya juu kwa ya chini, akinywa uji kwa mrija. Mtu yule alikuwa anafundisha kuimba kanisani. Nilimwona anavyovuta pumzi kwa puani, kwa shida, na kifua changu kikauma mahali ambapo hapakuwa na kidonda.

Afande Elia akanisukuma mpaka miguuni pa kitanda.

"Mwalimu, ulisema mmoja ulimchana kifua. Huyu hapa kifua kimechanika. Kambi nzima inamtaja. Mwangalie vizuri, usiogope. Ni huyu?"

Simon alinitazama.

Alinitazama muda mrefu. Lile jicho lake zima lilishuka kutoka usoni kwangu, likapita begani, likafika kwenye kifundo cha mkono, kwenye alama nne za kucha zake mwenyewe. Likatulia hapo.

Akatikisa kichwa.

Hapana.

"Mwalimu!" Afande Elia aliinama. "Angalia tena."

Hapana.

"Anakutisha? Kuna mtu kakutisha?"

Hapana.

Afande akavua kofia, akajifuta jasho, akaniangalia kama mtu aliyeona kuku akipaa. "Haya," akasema. "Mlalamikaji kakataa. Lakini sitoki hapa hospitali. Nipo pale getini, nachukua maelezo ya hao wa kambini. Mwalimu akibadilisha mawazo, ni kuniita tu." Akanifungua pingu, akatoka, buti zake zikigonga sakafu mpaka mwisho wa korido.

Nilipiga magoti pale kitandani.

"Mwalimu, ni mimi," nikasema. "Nilidanganywa, lakini mikono ni yangu. Nilikukaba mimi. Nilitazama akikupiga, sikumzuia. Sikuombi unisamehe. Nimwite afande arudi?"

Simon akanyoosha mkono. Tereza akampa daftari na kalamu. Aliandika taratibu, herufi nzuri za ubaoni, akaligeuza daftari nisome.

*Najua ni wewe. Na yule wa pili namjua. Nilimsikia akisema "Maliza". Afande sijamwambia.*

"Kwa nini?" nikauliza.

Akaandika tena.

*Akifungwa atatoka. Yuko wapi?*

Nilimtazama Tereza. Tereza aliangalia pembeni.

"Kakimbilia Mwese," nikasema. "Ana shamba la mjomba wake kule milimani. Niliwahi kulala huko, tulipokuwa kambi ya mazoezi."

Kalamu ikakimbia kwenye karatasi.

*Kwa hiyo njia unaijua. Kesho alfajiri utanipeleka.*

"Mwalimu, huwezi hata kutafuna! Huna nguvu!"

Akaachia daftari, akainua mikono yake miwili mbele ya uso wangu, akakunja vidole polepole mpaka vikawa ngumi. Ilikuwa mikono mizima, haina hata mkwaruzo. Ndiyo iliyonichana.

"Simon, hapana," Tereza akanong'ona. "Siyo wewe huyu. Simon!"

Hakumtazama.

Viatu vya daktari vikasikika. Dokta Bernadetha aliingia na karatasi mkononi, anaongea kabla hajafika.

"Amedeus, nimeongea na Mwanza. Bingwa kakubali kukuweka wa kwanza Jumatatu. Basi linaondoka kesho saa kumi na moja alfajiri, nesi mmoja anasafiri nalo, atakushika mkono njia nzima. Mstari wa umeumiaje nimeandika 'mkono ulivutwa kwa nguvu', na huo ni ukweli. Njoo utie saini. Ukikosa basi hili, usije ukanililia."

Nikaanza kuinuka.

Nyuma yangu kalamu ilikwaruza karatasi. Simon alinigonga mgongoni kwa daftari. Niligeuka. Alikuwa ameandika mstari mmoja tu, safari hii kwa herufi kubwa, na amebonyeza mpaka karatasi imetoboka.

*UKIPANDA HILO BASI, NAMWITA AFANDE.*